Ndege Nayo Hutiwa Viraka

Ukipanda ndege Kisumu kwenda Nairobi, hebu tazama ubavu wake unapopanda ngazi. Utaona safu za vichwa vidogo vya duara vilivyopangwa kama vifungo vya shati. Hizo ni ribiti, nazo ndizo zinazoshika mabati membamba ya alumini yasiachane. Abiria wengi hawana habari nazo. Macho yao yako ziwani, kwenye magugumaji na mashua za Usoma. Lakini makanika hulipwa kuzitazama, na anapokazia macho zaidi ni pale palipotiwa kiraka.

Naam, ndege hutiwa viraka. Gari la mizigo likiigonga, au mkia ukisugua uwanja inapotua, sehemu iliyoumia huongezewa bati jingine na kupigwa ribiti. Hata ndege isiyo na jeraha hutobolewa inapowekewa antena mpya, na tundu lile huzungushiwa bati la kulipa nguvu.

Kazi hii si ngeni ziwani. Miaka ya 1930 ndege kubwa za Imperial Airways zilitua juu ya maji hapa Kisumu zikiwa safarini kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Machi 1939 mojawapo, iliyoitwa Corsair, iliondoka upande wa ziwa kuelekea Juba, ikapotea njia na kutua kwenye mto Dungu, huko Faradje, Kongo. Mwamba ukalipasua tumbo lake. Watu wote walipona. Mafundi wakaitengeneza pale pale mtoni, lakini ilipojaribu kuruka ikagonga mwamba tena! Wakaanza upya, mto ukazibwa ili maji yapande, na Januari 1940 ikaruka.

Ndege ya majini haikufichi ubovu wake. Kiraka kikilegea, maji huingia, kama sufuria iliyozibwa vibaya na fundi wa Kibuye. Ndege za leo huzuia hewa, si maji. Zikipaa, kiwiliwili hujazwa hewa kikatanuka kidogo; zikishuka, kinanywea. Kila safari huzivuta ribiti mara moja, iwe ya Kisumu au ya London.

Mwaka 1980 Boeing 747 ya China Airlines ilisugua mkia Hong Kong. Mikwaruzo haikuondolewa yote. Ilifunikwa kwa bati jipya. Kwa nje kazi ilipendeza. Kwa ndani mikwaruzo iligeuka nyufa, zikatambaa karibu na ribiti za ukingoni, chini ya kiraka, mahali ambapo jicho halifiki. Mei 25, 2002 ndege ilipasuka angani na watu wote 225 wakafa. Picha zilizopigwa kabla ya ajali zilionyesha madoa ya kahawia kandokando mwa kiraka. Ulikuwa moshi wa sigara za abiria wa miaka ya nyuma, uliovuja pamoja na hewa. Doa lilikuwa likisema, hakuna aliyelisikiliza.

Ndiyo maana makanika hulaza mwanga wa tochi ubavuni mwa bati, ili kila kibonyeo kitupe kivuli. Hutafuta ribiti iliyoinama, rangi iliyopasuka duara kuizunguka, bati lililovimba kwa kutu ya ndani, na hasa mkia wa vumbi jeusi unaoelekea nyuma. Vumbi hilo ni alumini iliyosagika kwa sababu ribiti inacheza. Hupima pia kama ribiti iko mbali vya kutosha na ukingo wa bati, kwa kawaida angalau mara mbili ya unene wake. Palipofunikwa hutumia kifaa cha umeme kinachonusa ufa chini ya bati.

Kisha huja makaratasi, ambayo naona ni muhimu kama tochi: nani alitia kiraka, lini, kwa mchoro upi. Mwaka 1985 ndege ya Japan Airlines ilianguka, watu 520 wakafa. Ukuta wake wa nyuma wa kuzuia hewa ulikuwa umetengenezwa miaka saba kabla, na pale palipohitaji safu mbili za ribiti, mzigo ulibebwa na safu moja.

Abiria naye ana macho. Mwaka 1988, huko Hawaii, mama mmoja aliona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda ndege ya Aloha, iliyokuwa imekwisha kuruka mara 89,680. Akanyamaza, akaketi. Muda mfupi baadaye, paa la sehemu ya mbele likang'oka angani na mhudumu mmoja akachukuliwa na upepo.