Majina ya Viungo vya Hadithi Fupi

Walimu wengi hufundisha hadithi kwa swali moja tu: "Hadithi hii yatufundisha nini?" Nasi tulifanya hivyo miaka mingi. Siku moja darasani tulisoma ile hadithi ya maskini na paa, iliyomo katika kitabu cha hadithi za Unguja alichokitoa Edward Steere mwaka 1870, na mtoto mmoja akajibu, "Yatufundisha kwamba uongo wafaa." Tukampa sifuri. Baadaye tulitambua ya kuwa kosa lilikuwa letu. Tulikosa maneno ya kumjibia. Kwa hiyo twayaeleza hapa machache yaliyo ya lazima.

Kwanza jina la hadithi yenyewe. Ni neno pana, nalo kwa Waislamu ni pia mapokeo ya Mtume. Mwalimu mwenye watoto wa dini mbili na aeleze analikusudia lipi. Ngano ni ya kale, husimuliwa kwa mdomo, wala mtungaji wake hajulikani. Hadithi fupi ni kazi ya mwandishi mmoja, iliyoandikwa ili isomwe.

Kisa ni neno lenye hazina. Maana yake ni jambo lililotukia, tena ni sababu, mtu husema, "Kisa cha kunipiga ni nini?" Hapo ndipo pa kuanzia kueleza msuko. Tukisema, paa alichimbua almasi, kisha akaipeleka kwa sultani, tumetaja mfululizo wa mambo tu. Tukisema aliipeleka kwa sababu alitaka kumposea bwana wake binti wa sultani, huo ndio msuko; kama vile ukili, kila ukindu waushika mwenziwe, na ukichomoa mmoja kazi yote hulegea. Mtoto aulizwe "kwa nini?" mara tatu kabla ya kuulizwa "kisha?" mara moja.

Wahusika ni wote watendao katika hadithi, wawe watu au wanyama. Mhusika mkuu ni nani, paa au maskini? Watoto husema paa, kwa kuwa ndiye mwenye akili na mwenye kazi nyingi. Sisi twasema maskini, maana paa habadiliki tangu mwanzo, bali maskini aliyekuwa akiparuza jaani aligeuka bwana mwenye kiburi. Mwalimu mwingine aweza kukataa, wala hatutagombana naye, mradi aonyeshe mahali katika hadithi panapomshuhudia.

Mandhari ni mahali na wakati. Katika hadithi hii jaa ni zaidi ya mahali, kwa kuwa hadithi huanzia pale na kuishia pale.

Kilele huwatatiza watoto. Wao hukitafuta penye kishindo, yaani paa alipomwua nyoka wa vichwa saba. Lakini kilele ni pale mambo yageukapo yasiweze kurudi. Paa ameugua, bwana wake apelekewa habari, naye aamuru apewe uji wa mtama tu. Ni neno la mtu aliyeketi nyumbani mwake, hapana upanga wala damu; hata hivyo baada ya hapo paa afa, na bwana hana tena pa kukimbilia.

Msimulizi si mwandishi. Ni sauti ituambiayo. Penye ngano yumo chumbani pamoja nasi, nasi humwitikia. Penye hadithi fupi hatuwezi kumwitikia, basi imetupasa kusikiliza asichokisema. Katika hadithi ya paa, msimulizi ataja uongo wote wa paa kwa sultani, wala hausifu wala haulaumu.

Sasa twamrudia yule mtoto. Dhamira ni jambo ambalo hadithi yalizunguka. Funzo ni neno achukualo msomaji. Dhamira hapa, kwa maoni yetu, ni kumsahau aliyekutendea mema. Lakini mtoto hakukosea kuhusu msuko: ni kweli kwamba uongo ndio uliovuta kila jambo, tangu jina la Sultani Darai ambalo paa alimbandika bwana wake. Alistahili alama zake, pamoja na swali la pili: utajiri ule uliopatikana kwa uongo, uliishia wapi? Mwisho wa hadithi mtu yule yuko jaani, anaparuza kama zamani.

Swali hilo hatukumwuliza.