Reli ya "Wakomunisti" Iliyopita Tunduma

Kati ya mwaka 1966 na 1976, njia tatu kubwa zilijengwa kutoka Dar es Salaam kuelekea Zambia kupitia nyanda za juu kusini. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lilijengwa na Waitaliano. Barabara kuu inayoingia Nakonde kupitia Tunduma ilipata fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China. Zote zilitokana na shida moja: walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru Novemba 1965, na Zambia ikahitaji njia ya kufika baharini bila kupita kwao.

Reli peke yake ndiyo iliyopachikwa itikadi.

Wakosoaji wa Magharibi waliona ukomunisti ukiingia Afrika kwa treni. Wakasahau kwamba Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Kaunda wa Zambia walibisha hodi kwao kwanza, wakaambiwa mradi hauna faida. China ilikubali, ikatoa mkopo usio na riba, na sehemu ya gharama za ndani ikalipwa kwa mauzo ya bidhaa zake madukani. Hayo yalikuwa masharti ya mkopo. Hayakuifanya Tanzania kuwa nchi ya kikomunisti, na barabara ya Wamarekani nayo haikuifanya kuwa ya kibepari.

Kwa Karl Marx, ukomunisti ni jamii isiyo na matabaka wala dola. Hakuna serikali iliyowahi kutangaza kwamba imefika huko. Hata Muungano wa Kisovieti ulijiita wa kisoshalisti. Nyerere, Mkatoliki aliyeshika ibada, alikuwa mbali zaidi na ukomunisti huo: katika andiko lake la mwaka 1962 alikataa kwamba ujamaa lazima uzaliwe na vita vya matabaka, akaujenga juu ya ukoo wa Kiafrika.

Lakini hata jina "ujamaa" lilibeba mambo yanayogongana, na hapa watetezi wake wanapaswa kuwa wakweli. Mwaka 1967 kuishi pamoja vijijini kulielezwa kuwa jambo la hiari. Mwaka 1973 kukawa amri. Kisha mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vyombo ambavyo mjamaa yeyote angetarajiwa kuvilinda. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Leo Chama cha Kikomunisti bado kinatawala Beijing, na Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia huko utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Safari hii CCECC, kampuni ya serikali ya China, inakuja kama mwekezaji anayetarajia kurudisha fedha zake kwa kuiendesha reli. Kwa wafanyabiashara wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, yenye uzito sasa ni bei ya kusafirisha tani moja, ajira za vituoni, na nani atabeba hasara mzigo ukipungua.