Dini Mpya ya Kijapani Iliyofika Uganda

Enyi ndugu Waislamu, na hasa nyinyi vijana! Haifai kuikataa dini ya watu bila ya kujua inasema nini. Tarehe 23 Juni 2012, katika uwanja wa Namboole karibu na Kampala, Mjapani aitwaye Ryuho Okawa aliwahutubia watu wa Uganda. Ni nani huyo?

Okawa alizaliwa mwaka 1956 katika kisiwa cha Shikoku. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Tokyo, kisha akaajiriwa na kampuni ya biashara. Alidai kwamba tangu mwaka 1981 alikuwa akipokea maneno ya roho za waliokufa. Na mwaka 1986 akaacha kazi, akaanzisha Kofuku no Kagaku, yaani Sayansi ya Furaha.

Wafuasi wake hufundishwa mambo manne: upendo, hekima, kujihasibu nafsi na maendeleo. Katika hayo hatuna ugomvi nao. Kujihasibu nafsi twafundishwa tangu chuoni. Lakini huamini pia kwamba roho hurudi duniani katika miili mipya, na kwamba Okawa ndiye El Cantare, mungu mkuu wa dunia.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Mola wetu hana mwanzo wala mwisho. Naye Okawa alikufa tarehe 2 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 66.

Basi wazazi, msitosheke na mtoto kuihifadhi Suratul Ikhlas. Mfahamisheni na maana yake, ili akiitwa na wenye maneno matamu awe na jawabu, nalo alitoe kwa adabu pasi na matusi.