Daftari la Daktari Lisifungiwe Kabatini

Juma lililopita nilisimama katika duka moja la dawa hapa Kariakoo, nyuma ya mama aliyebeba mtoto aliyekutwa na malaria. Muuzaji akamuuliza, "Mtoto ana kilo ngapi, mama?" Mama akajibu kwamba hajui, ila mtoto ana miaka miwili na nusu. Muuzaji akakataa kukisia. Akamtuma kwanza kwa kijana mwenye mizani pale barabarani. Tuliokuwa kwenye foleni wengine waliguna. Mimi nilifurahi, na sababu ninayo.

Dawa inapojaribiwa, watafiti humwandika kila mgonjwa daftarini: umri, uzito, vidonge alivyomeza, na kama siku ya 28 vijidudu bado vimo damuni. Jaribio likiisha hutolewa ripoti ya kurasa chache, yenye wastani tu. Daftari lenyewe mara nyingi huishia kabatini.

Fikirini wauza mchele wetu. Mmoja akikuta gunia limepungua kilo mbili, atasema ni bahati mbaya. Lakini wakikaa ishirini na kufungua madaftari yao pamoja, huenda wakagundua kwamba magunia yote yaliyopungua yametoka kwa tajiri mmoja.

Ndivyo ilivyotokea kwa dawa ya malaria yenye dihaidroatemisinini na piperakwini, ambayo hata hapa kwetu huuzwa. Mtandao wa watafiti uitwao WWARN, ulioanzishwa mwaka 2009, ulikusanya madaftari ya majaribio 26, yenye wagonjwa 7,072. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kwa jumla dawa iliponya vizuri sana. Lakini watoto wa mwaka mmoja hadi mitano walikuwa wakipewa dawa kidogo kwa kila kilo ya mwili, na ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi. Katika jaribio moja moja jambo hilo lilimezwa na wastani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaongeza kipimo kwa watoto wenye chini ya kilo 25.

Wapo watafiti wetu wanaosita kutoa madaftari, nami siwalaumu. Mtu amekesha kijijini miaka mitatu akipima damu, halafu mgeni aliyeketi Ulaya mbele ya kompyuta aandike makala kwa jina lake peke yake! Ndiyo maana taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, hutaka mkataba kabla takwimu hazijavuka mpaka. Ni sawa kabisa. Majina ya wagonjwa yafutwe, na waliokusanya wawemo katika waandishi. Ila mkataba huo usichukue miaka. Wazazi waliokubali watoto wao watobolewe vidole hawakufanya hivyo ili karatasi ziliwe na mchwa.

Yule mama alirudi. Alikuwa amepanda mizani na mtoto, kisha peke yake, wakatoa. Kilo 12. Muuzaji akatazama jedwali lake, akaanza kuhesabu vidonge.