Rekodi za asubuhi moja Wadi Hanifa

Nuzha kwa Kiarabu ni matembezi ya kujiburudisha, lakini mtaani Al-Nuzha, kaskazini mwa Riyadh, wanaotembea ni paka. Watu wako garini. Basi Ijumaa moja ya Januari, baada ya swala ya alfajiri, mimi na jamaa yangu wa Tanga tulivaa masweta mawilimawili tukashuka bonde la Wadi Hanifa kutazama ndege.

"Kaka, mto huu unatoka wapi?"

Kauliza la maana. Saudi Arabia ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani isiyo na mto wa kudumu. Haya tunayoyaona sehemu kubwa ni maji ya mabafu na vyoo vya mji, yaliyokwisha kusafishwa. Bonde lina urefu wa kilomita kama 120, na zamani lilikuwa jalala na machimbo. Wakuu wa mji wakazoa taka, wakapanda mitende na migunga, wakajenga vidimbwi 134 ambamo maji hupuliziwa hewa, vijidudu na mwani vikala uchafu, kisha samaki jamii ya perege wakala mwani. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Harufu ipo kidogo, nisikufiche, hasa pale maji yanapoporomoka yakatoa povu.

Tukaanza kutajiana rekodi za ndege. Kwa safari ndefu bila kutua, bingwa hapiti huku: ni kinda wa ndege wa matopeni, mwenye miezi mitano tu, aliyeruka kutoka Alaska hadi Tasmania mwaka 2022, kilomita 13,560 kwa siku 11. Sawa, tumempigia makofi.

Mimi rekodi yangu ni ya tai wa nyika. Mwaka 2019, kwenye jalala moja katikati ya Saudia, walihesabiwa zaidi ya 5,000 kwa pamoja, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote uliojulikana wa ndege hao. Hawa ni spishi ileile inayofika hadi kwetu Afrika Mashariki kula kumbikumbi mvua zinapoanza. Njiani wanalala jalalani, na dunia inawahesabu kuwa hatarini kutoweka.

Jua lilipochomoza, matete yakageuka rangi ya asali na kukuziwa wakaanza kugombana. Juu ya bomba alikuwepo mdiria: kichwa cha kahawia, koo jeupe, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu kama pilipili. Akajitupa majini, akarudi na kisamaki, akakipiga kwenye chuma mara mbili, ta, ta, akakimeza kichwa kwanza.

"Na huyu ana rekodi gani?"

"Hana niijuayo."

"Basi tungoje arudie."

Tukangoja. Alirudia mara nne, na mara ya tatu samaki alimponyoka.