Mbono Haupiki Wali

Kila nifikapo Kuruwitu, pwani ya Kenya, hapakosi mtu wa kuniuliza apande mibono mingapi ili aepukane na gharama ya mkaa. Na kwa kuwa nimelijibu swali hili kwa upole kuliko linavyostahili, leo nalijibu kwa maandishi, na asiyeridhika na asome tena.

Asipande hata mmoja kwa kusudio hilo. Mbono-kaburi, ambao mawakala wa miaka ya 2000 walitusifia kwa jina la jatrofa, ulidaiwa kuzaa mafuta katika ardhi kame bila mbolea wala maji, na madai hayo yalienea kutoka Kilwa na Kisarawe hadi Malindi kwa sababu nusu yake ni kweli: mti huo hustahimili ukame. Walakini kustahimili si kuzaa. Mbegu ndiyo akiba ya mmea, na mmea unaopigania uhai wake katika udongo haba uliolalia mwamba wa matumbawe, kama huu wetu, hauna cha kuweka akiba. Wataalamu waliowachunguza wakulima wa mbono nchini Kenya, wakatoa ripoti yao mwaka 2009 kwa msaada wa shirika la Kijerumani la GTZ, walikuta mavuno duni mno, wakashauri mti huu usipandwe ila uwe ua wa shamba. Na hata mwenye kubahatika kuvuna, ajue kwamba lita moja ya mafuta hutaka takriban kilo nne za mbegu, zichumwe tunda kwa tunda kwa kuwa haziivi pamoja, zimenywe, zikamuliwe; kisha mafuta yenyewe ni mazito, hayapandi vyema katika utambi, na ni sumu kwa mtoto atakayeyaonja. Huko Dakatcha, nyuma ya Malindi, zilitakiwa hekta 50,000 za msitu kwa ajili ya mbono. Alhamdulillahi wenyeji na watetezi wa msitu walikataa, na mpango ukafifia. Msiniletee tena habari za shangazi wa Magarini aliyepata mafuta. Mwulizeni amepikia wali mara ngapi.

Tungamotaka, yaani nishati ya mimea na mabaki yake, haingoji kuvumbuliwa: kwa sensa ya 2019, kaya 55 katika kila 100 nchini zilipikia kuni. Matumaini yake basi yamo katika kutumia vema kile ambacho tayari kinatupwa au kuteketezwa ovyo. Tanuri la udongo hutaka kilo kumi za kuni, aghalabu, kutoa kilo moja au mbili za mkaa, hasara ambayo hakuna mfanyabiashara angeivumilia dukani mwake. Hapo jirani Vipingo, penye mashamba ya mkonge, uzi ni takriban sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani. Yaliyobaki hutoa gesi, kama walivyothibitisha kampuni ya mkonge ya Katani kule Hale, Tanga, waliojenga mtambo wa umeme kwa masalio hayo.

Nyumbani je? Kausha kuni chini ya paa, matawi ya mvinje yatosha, vifuu usivitupe, nunua jiko la kauri, fungua dirisha. Mwenye ng'ombe wawili wanaolala na kula zizini anaweza kujenga mtambo wa biogesi, lakini mifugo yake ikishinda malishoni, au akikosa maji ya kuchanganyia samadi kila siku, asichimbe shimo.