Ng'ombe Aliyepotea kwenye Faharasa

Simu iliingia asubuhi, saa tatu kasoro, kutoka Muheza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeandika ng'ombe kwenye tovuti yenu, inanijibu hakuna. Kwani ninyi ng'ombe hamuwaandiki?"

Tovuti ninayoitunza ni ya ushauri wa ufugaji. Makala nyingi kuliko zote ni za ng'ombe: ndigana, kupe, ugonjwa wa kiwele, ndama wanaoharisha. Nikafungua kompyuta huku mzee akisubiri. Nikaandika mbuzi, makala zikaja. Kuku, zikaja. Ng'ombe, hakuna.

Watu wengi hudhani kwamba ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta inakwenda kusoma makala zote. Haifanyi hivyo, ingechelewa mno. Inachofungua ni faharasa, sawa na ile ya mwisho wa kitabu: neno, halafu kurasa linamopatikana. Kazi hii ni kongwe. Ibn al-Nadim wa Baghdad aliorodhesha vitabu alivyovijua katika karne ya 10, na kitabu chake kikaitwa Fihrist, jina ambalo ni ndugu wa faharasa yetu. Ya kwangu hutengenezwa na skripti, yaani faili la maandishi lenye amri zilizopangwa mstari kwa mstari, haifiki mistari mia. Kila siku saa nane usiku seva huiendesha. Inapitia makala moja moja, inavua alama za ukurasa, inakata maandishi kuwa maneno, inayapanga kwa alfabeti na kuandika kando ya kila neno makala lilimotoka.

Niliirithi kwa mwenzangu aliyehamia kazi nyingine. Mstari wake wa kukata maneno naujua asili yake. Mwaka 1986 Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs, ndiye aliyeleta wazo la kuunganisha programu za mfumo wa kompyuta wa Unix kama mabomba, hii ikimwaga kwa ile, alionyesha kwamba amri sita fupi zatosha kuhesabu maneno ya maandishi yoyote, kazi ambayo mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alikuwa ameiandikia programu ya kurasa kadhaa. Amri ya kwanza inasema: kila kisicho herufi kati ya A na Z kigeuze kuwa mstari mpya. Ni mstari mzuri, nami naupenda. Ila haukumfikiria ng'ombe.

Ritifaa, ile alama inayokaa kati ya g na o, si herufi. Basi kila usiku skripti ilikuwa ikimkata ng'ombe vipande viwili, "ng" na "ombe". Kipande cha kwanza kilitupwa, maana maneno ya herufi mbili hatuyaweki. Nilipofungua faharasa nikaenda kwenye O, nikalikuta neno "ombe" na nyuma yake orodha ndefu ya makala. Zote zilikuwepo. Ng'ata ilikuwa imebaki "ata", na ng'oa haikubaki kabisa.

Hapa ndipo roho iliponiuma. Gari likiharibika linasimama njiani, utajua. Kisanduku cha kutafutia kikiharibika kinasema "hakuna", na hilo ni jibu kamili. Mfugaji ambaye ndama wake anapumua kwa shida analiamini, anafunga simu. Ni wangapi waliofunga kabla mzee huyu hajaamua kupiga, sitajua.

Niliongeza ritifaa kwenye orodha ya herufi zinazoruhusiwa, nikaendesha skripti. Nusu ya makala zikarudi, nusu hazikurudi. Kumbe ritifaa ziko mbili. Kuna ile iliyonyooka, na kuna iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti moja na iliyopinda ni baiti tatu, na ile amri ya kukata kwenye seva yetu husoma baiti moja moja, kwa hiyo iliyopinda ilikuwa ikisagwa vilevile. Zaidi ya hapo, wafugaji wengi huandika "ngombe" bila ritifaa yoyote, wana haraka. Mwisho niliamua kuziondoa zote mbili kabla ya kukata, na kisanduku nacho kikaziondoa kwenye neno analoandika mtu. Ng'oa na ngoa sasa zinakaa pamoja. Nimekubali gharama hiyo.

Siku hiyo ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeanza kuitazama faharasa kwa macho ya mwenye kutafuta. Mtu huandika "kuku anakohoa". Makala imeandikwa "kukohoa". Programu za kutafutia zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza hukata mikia ya maneno ili kupata shina. Kiswahili kazi kubwa huifanya kichwani mwa neno. Nikaandika mistari michache ya kukata "ku", "ana", "wana", "ina". Kukohoa ikawa kohoa, anakohoa ikawa kohoa, nikafurahi sana. Kesho yake faharasa haikuwa na kuku. Alikuwa amekatwa, amebaki "ku", ametupwa. Kupe amekuwa "pe". Nilikuwa nimejaribu pia kukata "m" na "wa" za mwanzo, na mnyama akawa nyama, aliye hai na aliye buchani mstari mmoja. Hiyo niliifuta. Ya "ku" niliibakiza, pamoja na faili dogo la maneno yasiyoguswa.

Mambo mengine hayana hadithi ndefu. Diski ilijaa usiku mmoja, skripti ikaandika faharasa nusu juu ya ile nzima. Sasa inaandika pembeni kwanza, na amri yoyote ikishindwa katikati ya mnyororo, yote yanasimama. Mwanzoni ilikuwa ikiangalia ya mwisho tu. Kabla ya kubadilisha faharasa ya zamani inajiuliza pia maneno kumi: ng'ombe wa kwanza, kuku wa pili, kupe wa tatu. Moja likikosa makala, ya zamani inabaki na mimi napata ujumbe.

Mzee nilikuwa nimempigia jioni ya siku ile ya kwanza, ng'ombe alipokuwa amerudi. Alisoma ya ndigana nikiwa naye kwenye simu, akaniuliza mbona hatujaandika jinsi ya kuzuia kupe wakati wa masika. Nilimpa mhariri swali hilo.

Wiki iliyopita ilikuja makala ya kulisha vifaranga kumbikumbi. Kabla haijachapishwa nilifungua faili la maneno yasiyoguswa, nikaliandika kumbikumbi chini ya kunde.